Neno Lisilosemwa Asubuhi ya Nyavu

Kila mwaka, mitihani ya taifa ikikaribia, vijana wa hapa kwetu wanaomaliza sekondari wanapita nyumbani kunisalimia. Najua wanachotafuta. Mmoja anataka godoro la kwenda nalo, mwingine anataka mbao za kitanda, na mwingine baba yake amemtuma achukue shauri kwa mzee mbele ya kuingia chuo kikuu. Godoro natoa. Mbao natoa. Lakini shauri? Mimi nilisoma miaka miwili tu, kwa katekista, chini ya paa la majani. Nikajua kusoma katekisimo na kuandika jina langu, basi. Yote mengine niliyo nayo, nyumba hii ya mabati, shamba, watoto waliosoma kunipita, yametoka kwenye msumeno. Sioni haya kusema hivyo. Kuna wenye diploma wanaolala leo chini ya mbao nilizopasua kwa mikono hii.

Wengine watawaambia msinywe pombe, msifuate wasichana, msome, msali. Ni kweli yote, na mtayasikia mpaka masikio yaume. Mimi nina jambo moja tu, na sikulipata katika kitabu. Nililipata kwa mdogo wangu, tumbo moja, aliyenifuata mimi. Nitaliandika hapa mara moja ili nisilirudie kila mwaka, maana kulisema kwa mdomo kunanichosha moyo.

Sisi ni watu wa Walikale, watu wa msituni kabisa. Asiyekaa kule hawezi kujua. Kijijini unaona nyumba ya jirani, nyuma yake ndizi, nyuma ya ndizi miti, na hapo macho yamefika mwisho. Hata njia inapinda kila mara. Mtu anayekuja, unamsikia mbele ya kumwona: unajua kikohozi chake, unajua mbwa wake, unajua namna anavyokanyaga maji ya kijito. Mnyama naye tunamwinda kwa masikio. Nyavu zinatandazwa mstari mrefu, kila mwanaume na wavu wake, wenye mikuki wamejificha nyuma. Wanawake na vijana wanapiga kelele upande wa pili, mbwa wamefungwa kengele za mti shingoni, na wewe unasikiliza kengele inavyokaribia. Kwa kazi ile mdogo wangu alikuwa wa ajabu. Angali mtoto, alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Paa anaenda kwa wavu wa mjomba," na paa anaenda kweli kwa wavu wa mjomba. Wazee walimpenda sana kwa hiyo. Walisema huyu ana masikio ya watu wawili. Hakuna aliyeuliza habari ya macho yake. Macho ya kuona nini, wakati kila kitu kiko karibu?

Sasa, kuna jambo la asubuhi ya nyavu. Tulikuwa Wakristo. Papa yetu, baba aliyetuzaa, alibatizwa mbele ya mimi kuzaliwa, na hakuna siku tuliingia msituni bila Baba Yetu na Salamu Maria. Lakini jambo lile hakuna aliyeliacha. Asubuhi ile, toka unapoamka mpaka nyama imeanguka, mtu hatamki neno la unyonge. Husemi naumwa. Husemi nimechoka. Husemi sioni, husemi sisikii. Kama una kidonda mguuni, unatembea nacho na unatabasamu. Mmoja akiteleza tu akasema, wenye nyavu wanazikunja pale pale, wote wanarudi, na kijiji kizima kinakula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama, sababu yako. Nilimwona mwanaume mzima, mwenye wake na watoto, aliyesema "tumbo langu" tu. Hata hakumaliza. Nyavu zikakunjwa. Kutoka siku ile watoto walimwita Tumbo Langu, na nadhani aliingia kaburini na jina hilo.

Katika miaka ya arobaini, mimi nilipanda Masisi kutafuta kazi. Nilianza kubeba magogo kwa wapasua mbao, nikapewa msumeno, mwisho nikawa na kundi langu. Mdogo wangu alibaki, akaingia shule ya misioni. Darasa lilikuwa chumba kidogo cha udongo. Ukikaa benchi la kwanza na kunyoosha mkono, unagusa ubao, na benchi la nyuma lilikuwa la tatu. Alikuwa wa kwanza kila mwaka. Padri akamwambia papa kwamba mtoto huyu anaweza kwenda shule kubwa ng'ambo ya ziwa, kule walikokuwa wanafundisha vijana weusi kazi ya kumsaidia daktari. Hii ilikuwa miaka ya hamsini. Munganga mweusi mwenye sindano na koti jeupe, upande wetu hatukuwa tumemwona hata mmoja. Mama yetu alikufa akizaa, na wanawake waliokuwa naye hawakuwa na kitu cha kumsaidia isipokuwa maji ya moto na sala. Kwa hiyo papa hakutafuta ukubwa. Alitaka mtoto aingie shule ile, akae, amalize, arudi na dawa. Kijiji kizima kilitaka hivyo. Hilo tu.

Siku ya kumuaga nilikuwa nimeshuka nyumbani. Tulikaa mchana chini ya paa la wanaume, pale wanapokaa kuzungumza, mvua ikipiga, na kila mtu akatoa lake. Katekista alimwambia asiache kuungama. Mjomba alimkataza kukubali kinywaji cha mtu asiyemjua. Shangazi alisimama mlangoni na kisu cha kuchambulia sombe mkononi, akasema asioe kule, sababu wasichana wa mjini wanachemsha sombe kama majani ya mbuzi na wanaita hiyo chakula. Watu wakacheka. Mwisho papa akasema, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Unaenda kwenye kambi ya nyavu, mwanangu. Shule njo kambi. Uko na wenzako mu mustari moja. Neno la unyonge lisitoke mu kinywa yako. Wakikuuliza, sema hakuna shida. Ukisema ingine, nyavu zinakunjwa, na si yako peke yako."

"Nimesikia, Papa."

Tuliona ni shauri zuri. Nami niliona ni zuri, na nilikuwa nimetembea kuliko wote waliokaa pale. Mnaosoma sasa mtatucheka, lakini niambieni: baba zenu wanawaambia nini? Wanasema kaza roho, usitutie haya. Si maneno yale yale, yamevaa suruali?

Tulitembea pamoja kutoka Walikale mpaka Nyabiondo, na mbele kidogo nikampandisha kwenye lori lililobeba mbao zangu. Alikaa juu ya mbao na sanduku lake kati ya magoti. Nilipunga mkono mpaka lori lilipopinda kwenye kona. Yeye alikuwa amenigeukia, anaangalia upande wangu, lakini hakuinua mkono. Nikasema moyoni, huyu amekwisha kuwa mtu mkubwa.

Yaliyompata kule alinisimulia baadaye, na nitayaweka mahali pake ili mfuate vizuri.

Siku ya kwanza, mwalimu alipanga wanafunzi kwa urefu, wafupi mbele, warefu nyuma. Mdogo wangu alikuwa mrefu kama mti wa mawese. Wakamweka benchi la mwisho, mgongo ukutani. Darasa lile lilikuwa refu kuliko kanisa letu. Kutoka pale ubao aliuona kama jani kubwa jeusi lenye moshi mweupe juu yake. Mwalimu alikuwa anapitisha mkono, moshi unaongezeka. Anafuta, moshi unatawanyika. Na wenzake wote wanaangalia moshi ule na wanaandika.

Hakuwaza kwamba ni macho. Angewazaje? Mtu hajawahi kuazima macho ya mwingine. Aliwaza kwamba wenzake, wengi watoto wa mjini na wa vituo vya Serikali, walikuja wakijua tayari, kwamba kuna akili moja ya kusoma vile ambayo sisi wa pori hatukupewa. Yaliyosemwa kwa mdomo aliyashika yote. Walimu walishangaa: unamwuliza somo la juma lililopita, anakurudishia neno kwa neno, mpaka kikohozi cha mwalimu angeweza kukuonyesha kilikuwa wapi. Lakini hesabu, na picha za mifupa na mishipa, ilikuwa mambo ya ubao. Mwalimu alichora bila kusema. Hapo mdogo wangu alizama.

Akaanza kuangalia kwenye daftari la jirani. Jirani alimwacha mwanzoni, kisha akachoka, akamshitaki. Mwalimu akamwita pembeni. Mdogo wangu hakunisimulia hata siku moja kwamba mwalimu yule alikuwa mbaya. Alimwuliza, "Una shida gani?" Akajibu, "Hakuna shida." Siku nyingine akamwuliza kama ni chakula, kama ni Kifaransa, kama amepata habari mbaya za nyumbani. "Hakuna shida, mwalimu." Na aliponieleza hayo alicheka kicheko kibaya. Akasema kila alipotaka kufungua kinywa aliona wale wengine wamekaa mstari, vichwa vimeinama kwenye daftari, akasema moyoni: nikitoa neno, wote hawa watarudishwa makwao.

"Nilikuwa nawachunga, kaka," akaniambia.

Kijana unayesoma hapa, simama kidogo. Mimi si mwalimu, na Kifaransa changu ni cha kuuza mbao. Lakini utafika mahali ambapo hakuna anayejua mama yako, hakuna anayejua ulikuwa wa kwanza kwenu. Utakaa nyuma. Jambo litakushinda, na wengine wataonekana wanaliweza bila jasho. Siku hiyo mtu akikuuliza una shida gani, usijibu hakuna. Mjibu. Na asipokuuliza, mfuate mpaka mlangoni. Ukiona aibu, ona aibu na bado useme. Aibu inakaa juma moja. Niliyoyaona mimi yalikaa maisha.

Mwisho wa mwaka walimfukuza. Walisema hajui, na zaidi walisema ni mwizi wa kazi za wengine. Hakwenda kwetu. Alikuja kwangu, kwenye vilima vya Masisi, upande wa Burungu, ambako nilikuwa napasua mbao kwa ajili ya shamba moja la ng'ombe. Wapasuaji wenzangu walikuwa wamesikia habari za ndugu yangu anayesomea dawa. Walipomwona anapanda na sanduku kichwani, mmoja akapaza sauti, "Munganga amefika! Nani ana kidonda?" Mwingine akamwonyesha nyayo zake zilizopasuka. Mdogo wangu alitabasamu kidogo. Aliweka sanduku chini, akavua viatu, akaingia chini ya gogo, akashika mkono wa msumeno. Mnajua kazi ile: mmoja anasimama juu ya gogo na anafuata mstari, mwingine yuko chini anavuta, na unga wote wa mti unamwangukia usoni. Ya chini njo kazi ya mgeni na ya mwenye bahati mbaya. Hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza tena.

Papa alipata habari. Akamtuma mtu aliyekuwa anapanda kutoka Walikale kutafuta chumvi, na ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: alisema?

Nikamwambia mdogo wangu. "Papa anauliza kama ulisema."

"Sikusema."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, kaka. Wananifukuza, wananiuliza mara ya mwisho, nikawaambia hakuna shida."

Nikarudisha jibu. Nasikia papa aliposikia aliacha chakula mpaka kikapoa. Maana kama mtoto alisema, kosa lingejulikana, na watu wangelia na kusahau. Lakini hakusema, na nyavu zimekunjwa vilevile. Jambo kama hilo kwetu halina maelezo. Kijijini wakaanza kutafuta nani amemroga.

Ng'ambo ya bonde tulilofanyia kazi kulikuwa na mama mmoja, wa familia ya wakulima wa kale wa Masisi. Alikuwa anatupikia, nasi tunampa mbao za ua wake. Bonde ni pana na upepo wa kule unakula sauti, kwa hiyo chakula kikiiva alitundika kitambaa cheupe kwenye ua. Tukikiona, tunashuka na kupanda tukale. Mdogo wangu alikuwa anatufuata kila siku. Wengine wakiweka misumeno chini, naye anaweka.

Siku moja niliwachukua wenzangu wote kupeleka mbao Nyamitaba, nikamwacha peke yake kunoa misumeno. Nikamwambia, kitambaa kikitoka nenda ule. Tuliporudi jua limeanza kulala, nikapitia kwa yule mama. Alikuwa amekasirika kweli.

"Mudogo wako anajivuna sababu alisoma?" akaniuliza. "Nimetundika kitambaa mpaka mikono imechoka. Bugali imekuwa jiwe. Kama chakula yangu haimufai, aseme."

Nikapanda kilima na hasira yangu tayari. Nikamkuta amekaa juu ya gogo, misumeno yote imenolewa vizuri sana.

"Kwa nini hukuenda kula?"

"Hakuna mutu aliniita."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

Kilikuwa bado kinapepea. Nikanyoosha mkono. "Kile."

Aliangalia mkono wangu, kisha mbele ya mkono. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kuchekwa. "Kaka, na wewe unanifanyia muchezo?"

"Nyumba ya yule mama, unaiona?"

"Nyumba iko kule?"

"Na ngombe? Kilima chote kimejaa ngombe."

Akakunja macho.

"Niambie unaona nini."

"Naona rangi ya buluu, na chini yake majani. Kule ni mbali, kaka. Mbali si iko vile kwa watu wote?"

Nikakaa chini. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe sikujua mbali ni nini mpaka nilipopanda Masisi. Siku za kwanza vilima vilinitia kizunguzungu, nilikuwa nasimama tu naangalia. Yeye alipanda vilima vile vile na hakusimama. Tulidhani ni huzuni ya shule. Nikamwuliza ubao ulikuwaje, na hapo njo alinisimulia yote niliyowaandikia, mpaka giza.

Asubuhi sikuanza kazi. Nilivaa koti langu, nikamchukua, tukaenda. Lori, kisha mashua ya moshi, kisha kupanda kwa miguu mpaka shuleni. Mkuu wa shule alikuwa padri mzungu, mtu mzima. Alitupokea mlangoni, hakutufukuza, na Kiswahili alikijua. Nilimweleza kwamba mtoto haoni mbali.

"Lakini aliulizwa," akasema. "Aliulizwa mara nyingi. Kwa nini hakusema?"

Nikamweleza habari za nyavu. Nilijaribu kabisa. Niliona anasikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi ya wawindaji, akingoja mwisho. Lakini alichukua funguo, akatupeleka darasani. Wanafunzi walikuwa wametoka. Ubaoni kulikuwa na somo la asubuhi ile. Mdogo wangu, bila kuambiwa, akaenda mpaka nyuma, akasimama mahali pake pa zamani, mgongo ukutani.

"Soma," padri akamwambia.

Akanyoosha shingo.

"Sogea. Soma."

Akasogea, akasogea. Katikati ya darasa alianza kutaja herufi moja moja, kama mtu anayeokota maharagi gizani. Alipofika benchi la pili akasimama. Akasoma. Alisoma yote, kutoka juu mpaka chini, bila kukwama: majina ya mifupa ya mkono, kwa Kifaransa, kila mfupa na kazi yake. Chini kulikuwa na hesabu ambayo wanafunzi waliachiwa. Akaitazama, akasema jibu.

Padri alikaa kwenye benchi la watoto. Nitamtolea ushuhuda wa kweli: alisikitika. Lakini alisema nafasi imekwisha kupewa mwingine. Alisema aliyefukuzwa kwa kunakili harudishwi, na amri hiyo inatoka juu yake. Alisema na umri umepita. Nikapandisha sauti. Nikamwambia mtoto hakuiba kitu, alikuwa anatafuta ubao wake kwenye daftari la mwenzake, sababu ubao wenyewe mlimficha. Hakukasirika.

"Ninajua," akasema. "Sasa ninajua."

Na ikabaki hivyo. Alituletea miwani ya padri mmoja aliyekufa, akamvisha mdogo wangu kwa mkono wake mwenyewe. Haikumfaa sawasawa, lakini ilimsaidia.

Tulitoka nje. Kwenye ngazi za shule mdogo wangu akasimama, miwani ile mikubwa inamwanguka puani. Nilifikiri anaangalia ziwa, sababu lilikuwa mbele yetu lote. Hakuwa anaangalia kitu.

"Kaka," akasema, "yalikuwa mambo mepesi."

"Mambo gani?"

"Ya ubao. Mwaka muzima nilifikiri wanaandika mambo makubwa, mambo yanashinda akili yangu. Kumbe mepesi vile."

Nimebeba magogo maishani mwangu ambayo watu walikataa kubeba. Neno lile lilinishinda.

Tulishuka Walikale kumwambia papa. Nilizungumza mimi. Papa alisikiliza akiangalia moto mpaka ukawa majivu. Nilijua anajua. Shauri lilikuwa lake, na sisi sote tulilisikia likitoka.

Baada ya siku chache watu wakapanga kuwinda. Asubuhi wakakusanyika mwanzo wa njia, nyavu mabegani, mbwa wamekwisha kufungwa kengele. Tukasali. Papa alikuwa mbele, wavu wake ndio mrefu kuliko zote, bila yeye mstari hauanzi. Tulingoja atembee. Hakutembea. Aligeuka, akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa vijana wa nyuma:

"Mimi, macho yangu imechoka. Kengele naisikia, mbwa simuone."

Mjomba akamkaribia, akamwambia taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuokota kitu alichoangusha, "Mukubwa, umesema nini?"

"Nimesema sioni."

Kama ilikuwa kweli, sijui mpaka leo. Alikuwa mzee, labda ilikuwa kweli. Nyavu zikakunjwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyempa jina. Wanawake walikuwa wamekwisha kuweka sufuria tayari. Wakazigeuza mdomo chini bila kuuliza. Mdogo wangu alikuwa nyuma pamoja na wapiga kelele, na neno lilimfika, kwa sababu masikio yake hayakukosa kitu. Akaja mbele kati ya watu, akatoa wavu begani kwa papa, akauweka begani kwake, wakarudi wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Papa alikuwa amelipa alichoweza kulipa. Lakini nafasi ya shule si wavu, kwamba leo unaukunja na kesho unautandaza.

Tulirudi kwenye vilima. Mdogo wangu akawa mpasuaji mzuri. Miwani aliivua kazini sababu ya unga wa mti, akaivaa Jumapili. Alikuwa anakaa kwenye majani, anahesabu ng'ombe za watu.

Habari kwamba alisomea dawa ilikuwa imeenea na haikurudi nyuma. Wake za wafanyakazi walimletea watoto wenye homa, na alipowaambia yeye si munganga, walidhani anawanyima. Namkumbuka mama mmoja aliyepanda kutoka Nyamitaba na mtoto mgongoni, mtoto amelegea, midomo mikavu. Mdogo wangu alitoka chini ya gogo, akanawa mikono, akamgusa mtoto tumbo na shingo. Akamwambia mama ampe maji yaliyochemka, kidogo kidogo, na kitambaa cha maji kichwani, na asikae, ashuke sasa hivi mpaka dispanseri ya misioni, asingoje kesho.

Yule mama hakuondoka. "Wanasema wewe ulisoma," akamwambia. "Munipe dawa, Munganga."

"Nilisoma ya masikio tu, Mama," akamjibu. "Ya ubao sikupata."

Mama hakuelewa. Alimwangalia, akaniangalia mimi niliyekuwa juu ya gogo, akangoja kidogo kama mmoja wetu angebadili neno. Kisha akafunga mtoto vizuri mgongoni, akashika njia ya dispanseri. Mdogo wangu alisimama akisikiliza nyayo zake mpaka zilipopotea, akarudi chini ya gogo, akavuta msumeno.